Haidroksiurea kwa mtoto mwenye selimundu anayeishi penye malaria: tafiti za Afrika zimeonyesha nini?

Baba wa Muheza anauliza:

Ndugu zangu, salaam. Naomba wenye ujuzi mnisaidie kulielewa jambo linalotugawanya nyumbani. Mwanangu ana umri wa miaka minne na uzito wa kilo 13. Tulijua kuwa ana selimundu (sikoseli) alipokuwa bado anatambaa, baada ya vidole vya mikono na nyayo zake kuvimba na kuuma kiasi kwamba hakutaka hata kushikwa. Tangu wakati huo anatumia foliki asidi na penisilini kila siku, na analala ndani ya chandarua chenye dawa. Hata hivyo amekwisha kulazwa mara kadhaa kwa maumivu ya mifupa na kuongezewa damu. Sasa kliniki imetushauri tumwanzishie haidroksiurea, miligramu 250 kwa siku, na imetupa muda wa kutafakari na kuuliza.

Yapo mambo mawili yanayotuzuia. La kwanza, tumesoma kwamba dawa hii hutumika kutibu saratani na kwamba hupunguza chembe nyeupe za damu. Huku kwetu malaria haina msimu ambao mtu anaweza kusema imekwisha, na sioni busara ya kumpunguzia mtoto askari wake wakati adui yupo mlangoni. La pili, shangazi yake mtoto, ambaye ndiye anayemlea tunapokuwa kazini, anashikilia kwamba wenye sikoseli hawapatwi na malaria, na kwamba dawa inayobadilisha damu itamwondolea kinga hiyo. Ninamheshimu shangazi na sitaki kumjibu kwa maneno matupu.

Swali langu hasa ni hili: je, dawa hii imewahi kupimwa kwa watoto wanaoishi penye malaria kama wetu, au tunaletewa matokeo ya Marekani na Ulaya, ambako malaria si tatizo la kila siku?

Muuguzi wa Watoto, Mwanza, anajibu:

Pole kwa kuuguza, baba. Nianze na hoja ya shangazi, kwa sababu ndiyo ninayoisikia mara nyingi zaidi wodini, na ndiyo inayowachelewesha wazazi wengi kumleta mtoto mwenye homa hospitali.

Shangazi amesikia jambo la kweli, ila limewekwa kwa mtu asiye wake. Kinga hiyo ni ya mtu aliyerithi kinasaba cha selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu, yule tunayemwita mbebaji. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha mwaka 1954 utafiti alioufanya Afrika Mashariki uliohusisha ubebaji huo na kupungua kwa malaria, na tafiti za baadaye zimekadiria kwamba mbebaji hupungukiwa na hatari ya malaria kali kwa takriban asilimia 90. Kwa hiyo wenye kinga hiyo nyumbani kwenu ni wewe na mama yake, kama ninyi nyote wawili ni wabebaji. Mtoto amerithi kotekote, na hali yake ni nyingine kabisa.

Hapa Tanzania jambo hili lilifuatiliwa kwa makini na Profesa Julie Makani na wenzake katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Waliona kwamba vimelea vya malaria havikuonekana mara nyingi zaidi kwenye damu ya wagonjwa wa selimundu kuliko kwa watu wengine, bali vilionekana kwa uchache. Hapo ndipo watu wengi huishia kusoma wakafurahi. Utafiti huohuo uliendelea kueleza kwamba mgonjwa wa selimundu anapofikia kulazwa akiwa na malaria, upungufu mkubwa wa damu na kifo humkaribia kuliko asiye na vimelea. Sababu yake inaeleweka kwa urahisi na kila aliyewahi kuhudumia wodi ya watoto: mtoto anayeishi siku zote na himoglobini, yaani kibeba oksijeni cha damu, ya gramu 7 tu kwa desilita hana akiba, na malaria ikivunja chembe nyekundu kwa siku mbili tu anafika kwenye kiwango ambacho tunatafuta damu usiku kwa kukimbia.

Naomba pia msiitazame malaria peke yake. Wengu wa watoto hawa huharibika mapema, wengi wakiwa hawajafikisha miaka mitano, na wengu ndio unaochuja bakteria katika damu. Watafiti wa Kilifi, Kenya, walichapisha mwaka 2009 matokeo ya miaka kumi ya kupima damu za watoto waliolazwa, wakaona kwamba mwenye selimundu alikuwa na uwezekano mara 26 zaidi wa kukutwa na bakteria katika damu, na aliyeongoza alikuwa nimokokasi, bakteria anayeleta nimonia, kwa asilimia 41 ya maambukizi hayo. Ndiyo maana penisilini mnayompa kila siku ina uzito kuliko inavyoonekana. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 1986 uliona kwamba watoto waliotumia penisilini walipata maambukizi makali ya nimokokasi pungufu kwa asilimia 84, na ulisitishwa kabla ya wakati kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwapa wengine dawa bandia, yaani isiyo na tiba ndani yake.

Haidroksiurea yenyewe nawaachia wanaozijua takwimu zake vizuri. Ninachoomba ni kwamba, mkianza dawa hiyo au msianze, penisilini na chandarua visiachwe.

Mtakwimu wa Pwani, Mombasa, anajibu:

Ndugu yangu wa Muheza, wasiwasi wako wa kwanza ndio uliowazuia wataalamu wenyewe kwa miaka mingi. Haidroksiurea iliidhinishwa Marekani kwa watu wazima wenye selimundu mwaka 1998, lakini Afrika, ambako ndiko wanakozaliwa walio wengi wa watoto wenye ugonjwa huu, ilikuwa ikitolewa kwa nadra. Hofu ya kushuka kwa chembe nyeupe ilikuwepo, na nyingine ilitoka maabara: ilionekana kwamba dawa hii huongeza, kwenye kuta za mishipa ya damu, molekuli iitwayo ICAM-1, ambayo chembe zenye vimelea vya malaria huishikilia. Ukiliwaza jambo hilo kwenye karatasi tu, ungeweza kuamua kwamba dawa itazidisha malaria kali. Kwa hiyo ilibidi lipimwe palepale malaria ilipo.

Utafiti wa kwanza wa kuliangalia jambo hilo ni ule wa NOHARM, uliofanyika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa mwaka 2017. Watoto 208 wenye umri kati ya mwaka mmoja na minne waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa haidroksiurea na nusu dawa bandia inayofanana nayo, na kwa mwaka mzima mzazi hakujua mwanawe anatumia ipi, wala mtabibu hakujua. Malaria ilikuwa tukio 0.05 kwa mtoto kwa mwaka kwa waliotumia dawa, na 0.07 kwa waliotumia dawa bandia, tofauti ambayo kitakwimu si tofauti. Lakini soma namba hizo kwa uangalifu. Watoto wote walikuwa wamepewa vyandarua na dawa ya kuzuia malaria, na matukio yalikuwa machache mno. Utafiti huo unaniambia kwamba dawa haikuleta madhara kwa mtoto anayelindwa vizuri. Hauniambii mengi kuhusu mtoto asiyelindwa.

Wa pili ni REACH, ambao ni mkubwa zaidi na ulifanyika katika vituo vinne: Kilifi hapa Kenya, Mbale nchini Uganda, Kinshasa na Luanda. Watoto 606 wa kati ya mwaka mmoja na kumi walianza dawa kwa wastani wa miligramu 17.5 kwa kila kilo ya uzito, kisha dozi ikapandishwa taratibu kadiri damu ya kila mmoja ilivyoruhusu. Matokeo yalitangazwa Desemba 2018. Kwa kila watoto 100 wanaofuatiliwa mwaka mzima, matukio ya maumivu makali yalishuka kutoka 98.3 hadi 44.6, malaria kutoka 46.9 hadi 22.9, maambukizi mengine kutoka 142.5 hadi 90.0, kuongezewa damu kutoka 43.3 hadi 14.2, na vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Kushuka kwa chembe za damu hadi kiwango cha kusimamisha dawa, ambako watafiti walikuwa tayari kukuvumilia hadi kwa asilimia 30 ya watoto katika miezi mitatu ya mwanzo, kuliwapata asilimia 5.1 tu.

Namba hizi zinanifurahisha, lakini sitakuwa mkweli kwako nikikuficha udhaifu wake. REACH haukuwa na kundi la dawa bandia. Kila mtoto alilinganishwa na hali yake mwenyewe katika miezi miwili hivi ya uchunguzi kabla ya kuanza, na mtoto aliyeingia kwenye utafiti huonwa na daktari mara nyingi zaidi, hupimwa damu kila baada ya muda mfupi, na huzidi kukua. Baadhi ya nafuu iliyoonekana kwenye malaria inaweza kuwa imetokana na hayo. Ndiyo maana sisemi kwamba haidroksiurea ni kinga ya malaria, na ningemwomba yeyote anayelisema hivyo apunguze sauti. Ninachosema ni kwamba hofu uliyo nayo ilipimwa kwa njia mbili tofauti, katika miji mitano ya Afrika, na hakuna iliyoonyesha malaria ikiongezeka. Kuhusu maumivu na kuongezewa damu, ambako nafuu ilikuwa kubwa na inalingana na tafiti zenye makundi ya kulinganisha kutoka kwingineko, sina shaka.

Baba wa Muheza anaandika:

Nawashukuru sana. Maelezo ya muuguzi nimemsomea shangazi jioni, na ameuliza swali ambalo nami sina jibu lake: kama dawa ni salama kiasi hicho, kwa nini kliniki inataka mtoto atolewe damu kila mara? Pia duka la dawa lililo karibu nasi lina kapsuli za miligramu 500 tu, na mke wangu ni mjamzito. Sijui kama ni sahihi kuifungua kapsuli na kugawa unga wake kwa kijiko.

Mfamasia wa Wilaya anajibu:

Mwambieni shangazi kwamba ameuliza swali la kitabibu kabisa. Dawa hii hufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Huamsha tena utengenezaji wa himoglobini ya mtoto mchanga, ile ambayo kila binadamu huwa nayo tumboni mwa mama na ambayo huzuia chembe nyekundu kujikunja kama mundu. Papo hapo hupunguza kasi ya uloto, ule ute wa ndani ya mifupa, kutengeneza chembe za damu. Tunaitaka ya kwanza, na ya pili tunaichunga. Katika utafiti wa REACH dawa ilisimamishwa kwa muda pale aina ya chembe nyeupe ziitwazo neutrofili ziliposhuka chini ya 1,000 kwa mikrolita, au chembe sahani, zile zinazogandisha damu, chini ya 80,000. Zikipanda, mtoto huirudia dawa. Usalama uliosomewa hapo juu ulipatikana kwa kupima, kwa hiyo kipimo cha damu ni sehemu ya matibabu, na mwanzoni hufanywa kwa kukaribiana kuliko baadaye dozi ikishatulia. Anayeuziwa haidroksiurea bila kuambiwa lini arudi kupima damu ameuziwa nusu ya tiba.

Kuhusu kapsuli, tafadhali msiifungue nyumbani na kukadiria unga kwa macho, na mama mjamzito asiuguse unga huo kabisa. Ni dawa inayogusa ugawanyikaji wa chembe, na unga ukimwagika mezani hupeperuka na kubaki kwenye kitambaa cha kufutia. Miligramu 250 kwa mtoto wa kilo 13 ni takriban miligramu 19 kwa kilo, dozi ya kawaida ya kuanzia. Ulizeni kwanza kama kliniki inaweza kupata vidonge vidogo vya watoto au dawa ya maji iliyochanganywa na famasia ya hospitali, ambayo hupimwa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Isipopatikana, baadhi ya kliniki hupanga dozi kwa hesabu ya wiki, kwa mfano kapsuli nzima siku moja na kupumzika siku inayofuata, ili wastani uwe uleule. Mpango huo uandikwe na kliniki yenyewe kwenye kadi ya mtoto, siku kwa siku, kwa kuwa anayempa dawa ni shangazi na si wewe uliyekuwepo kwa daktari. Mtoto wa miaka minne akishindwa kumeza kapsuli, waombeni wawaonyeshe namna salama palepale famasia. Anayeigusa dawa avae glavu na anawe mikono mara moja kwa sabuni, na kapsuli zihifadhiwe juu, mbali na watoto wengine.

Jambo la mwisho upande wangu ni subira. Nafuu huanza kuonekana baada ya miezi kadhaa. Wengi huiacha katika mwezi wa pili wakisema haijamsaidia mtoto, au duka likiishiwa huona kwamba wiki chache hazina neno. Kabla ya kuanza, hakikisheni mnajua itapatikana wapi kila mwezi na kwa gharama gani.

Mama wa Watatu, Kampala, anajibu:

Nawasalimu nyote. Binti yangu anatumia dawa hii, na napenda kuongeza jambo ambalo wazazi wa huku tulilipigania. Msikubali mtoto abaki kwenye dozi ya kuanzia kwa miaka wakati kilo zinaongezeka. Utafiti mwingine wa hapahapa Mulago, uliochapishwa mwaka 2020, uliwagawa watoto 187: kundi moja likabaki kwenye dozi ya kudumu, wastani wa miligramu 19 kwa kilo, na jingine likapandishiwa hadi wastani wa karibu miligramu 30. Waliofikia kiwango cha himoglobini kilicholengwa walikuwa asilimia 86 kwenye kundi la kupandishiwa na asilimia 37 kwenye dozi ya kudumu. Kuongezewa damu kulikuwa mara 34 dhidi ya 116, na kulazwa mara 19 dhidi ya 90. Utafiti ulisitishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa wazi, na madhara ya kushuka kwa chembe hayakuzidi kwenye dozi kubwa. Kwa mzazi aliyekesha hospitali, kulazwa mara 19 badala ya 90 si jambo dogo hata kidogo.

Mfamasia wa Wilaya anaandika tena:

Mama, nakubaliana nawe kuhusu matokeo, lakini siko tayari kuyahamisha yote hadi kwenye zahanati. Watoto wa Mulago walikuwa na maabara iliyotoa majibu kwa wakati na daktari aliyeyasoma siku hiyohiyo. Pale ambapo mashine ya kupimia damu husimama kwa kukosa kemikali, dozi ya wastani inayozingatia kilo za mtoto ina nafasi yake, na ni afadhali mtoto apate hiyo kuliko asipate kitu kwa kusubiri kliniki kamilifu. Kwa Muheza ningeshauri waanze walipoelekezwa, na kila uzito unapoongezeka waulize waziwazi kama dozi inastahili kupanda. Kama kliniki yao haina kipimo cha uhakika, waombe rufaa ya mara mojamoja kwenda hospitali ya mkoa.

Mama wa Watatu, Kampala, anaandika tena:

Hilo la kuuliza kila uzito unapopanda nalikubali. Ninachokipinga ni kukosekana kwa mashine kugeuzwa kuwa sababu ya kudumu, kwa maana watoto wetu wamekwisha kutoa damu zao ili jibu lipatikane, na walio wilayani wana haki ya jibu hilo kama walio mjini.

Baba wa Muheza anaandika:

Mama mtoto na shangazi wamekubali tuanze, na tutapeleka kliniki maswali ya mfamasia kuhusu dawa ya maji na ratiba ya vipimo. Limebaki moja tu. Akipata homa akiwa kwenye dawa hii, tuisimamishe wenyewe nyumbani au tuendelee?

Muuguzi wa Watoto, Mwanza, anajibu:

Baba, homa ya nyuzi 38 na kuendelea kwa mtoto huyu ni safari ya hospitali siku hiyohiyo, usiku ukiwemo, hata kama kipimo cha haraka cha malaria cha dukani kimeonyesha hana. Kipimo cha malaria hakioni nimokokasi. Nendeni na kapsuli zake pamoja na kadi, mseme mlangoni kabisa kwamba ana selimundu na anatumia haidroksiurea, ili apimwe malaria na picha kamili ya damu kwa pamoja na apewe antibayotiki mapema bila kungoja. Akikutwa na malaria atatibiwa malaria. Kuhusu kusimamisha haidroksiurea, anayeamua ni mtabibu baada ya kuona chembe nyeupe na chembe sahani zake, naye ndiye atakayewaambia siku ya kuirudia. Wengi husimamishiwa wakati wa ugonjwa kisha hakuna anayewaambia waanze tena.

Na wakati mko kliniki, ombeni mfundishwe kuupapasa wengu, hasa shangazi ambaye yuko naye mchana. Mtoto akiwa amelala chali na magoti yameinuliwa kidogo, vidole huwekwa chini ya mbavu za kushoto. Mfundishwe akiwa mzima ili mkono ujue ulivyo siku za kawaida. Siku mtakayouona umeshuka ghafla kuelekea kitovuni, huku viganja na midomo vimepauka, msingoje homa. Damu inakuwa imejifungia kwenye wengu, na hapo saa chache ndizo zinazoamua.